Mali bila daftari: Somo la gorogoro kutoka Kisii na Nyamira

WAHENGA wetu wa pwani hawakuwa na shule za uchumi, lakini walituachia neno ambalo naona lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila jiko: mali bila daftari hupotea bila habari. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtoto wa chuoni, nimekaa juu ya jamvi na ubao wangu wa kuandikia. Maalim wetu alilitumia hata kwa mambo yasiyokuwa ya fedha. Mtoto aliyepoteza kalamu yake ya mwanzi aliulizwa aliiweka wapi mara ya mwisho, na akikosa jibu, neno lilikuwa ni hilo hilo.

Siku hizi kila pembe utakayokwenda utaambiwa kwamba maisha yamekuwa ghali. Hapana anayebisha. Lakini mazungumzo hayo aghalabu huishia papo hapo penye kulalamika, na baada ya kulalamika kila mtu huenda dukani akanunua vile vile alivyonunua jana. Ndiyo sababu nilipozuru Kisii na Nyamira, sikutaka kuuliza habari za siasa, maana hizo hazikosi wa kuziandika. Nilitaka kutazama namna watu wanavyonunua, wanavyopima, na wanavyoweka. Niliyoyaona huko yanamfaa msomaji wa Nyansiongo na yanamfaa msomaji wa Majengo.

Mgeni akipita katika nchi ya Gusii huona kijani mtindo mmoja. Majani chai yamefunika vilima, migomba imesimama mabondeni, miparachichi imejaa matunda, na mvua haikai mbali kwa muda mrefu. Atadhani kwamba hapa hakuna anayenunua chakula. La hasha! Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, nazo kaunti hizo mbili si kubwa kwa eneo. Shamba la babu limegawanyika kwa wana, na la wana limegawanyika kwa wajukuu. Aliyebakiwa na kipande kidogo amekipanda chai ili apate fedha, na kwa kuwa chai hailiwi kwa ugali, hana budi kwenda sokoni kama mtu wa mjini. Basi hapa kununua kwa akili si mambo ya starehe. Ni tofauti ya mtoto kulala ameshiba au kulala na njaa.

GOROGORO NA PISHI

Ukifika Daraja Mbili, lile soko kubwa la wazi la mji wa Kisii, Jumatatu au Alhamisi ambazo ndizo siku zake za gulio, utakuta mahindi, maharagwe na wimbi yamerundikwa juu ya magunia. Kipimo chake ni mkebe uitwao gorogoro. Asili yake ni kopo la mafuta ya kupikia, nalo huingiza mahindi ya kama kilo mbili na robo. Mimi nilipolitazama nikakumbuka pishi letu la pwani. Kwetu, kabla ya kilo kuenea, nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Ama kweli watu ni wamoja: wa bara na wa pwani wote walihitaji chombo cha kuwaamulia mnunuzi na mwuzaji.

Lakini chombo kikishikwa na mkono wa mtu, huwa na tabia ya mtu. Kuna gorogoro ya kilele, iliyojazwa mpaka ikamwagika, na kuna gorogoro iliyofutwa kwa kiganja. Kuna ambayo kitako chake kimegongwa kwa ndani hata kikapanda juu, na kuna ambayo ubavu wake umebonyezwa. Bei huwa ile ile. Tuseme mkebe umepunguzwa gramu 200 tu, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Anayenunua gorogoro arubaini kwa vipindi, ambazo ni sawa na gunia moja la kilo 90, atakuwa amepoteza kilo nane. Hizo ni zaidi ya gorogoro tatu, amelipa na hakula.

Mama mmoja muuza nafaka, mcheshi wa maneno, alinionyesha dawa yake bila ya kuficha. Tazama kitako kabla ya kutazama mahindi. Ingiza mkono ndani ya mkebe. Na siku moja tu katika maisha yako, chukua gorogoro ya mwuzaji wako ukaipime kwenye mizani ya dukani, upate kujua unanunua nini. Akacheka akasema, "Mwenye gorogoro nzuri hakasiriki ukiitazama."

Vitu visivyopimwa navyo vina hesabu zake. Huko Nyakoe, kwenye barabara ya kwenda Kisumu, ndizi huuzwa kwa mkungu, na mkungu huamuliwa kwa macho. Mnunuzi mzoefu hatazami urefu wa mkungu. Huhesabu vichane, akatazama unene wa ndizi, kisha ndipo anapofungua kinywa kutaja bei. Kabichi hunyanyuliwa mkononi, maana kubwa nyepesi ni majani na upepo. Na mboga ya saa kumi na moja jioni si ya bei ya saa mbili asubuhi, kwa sababu mwuzaji hataki kurudi nayo nyumbani. Ajuaye kuwa atapika usiku ule ule hana haja ya kuinunua alfajiri.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hulisahau, nalo ni nauli. Gorogoro iliyopungua bei kwa shilingi kumi katika soko la mbali si rahisi ikiwa pikipiki imekula shilingi mia. Itakubidi ununue gorogoro kumi ndipo upate kurudisha nauli peke yake. Na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini hapo Agosti 28, 2017, anayekwenda sokoni mikono mitupu hununua mfuko kila safari. Kikapu cha bibi kilichotundikwa nyuma ya mlango kingemwokolea fedha hizo mwaka mzima.

MAHINDI YAONDOKAYO NA YARUDIYO

Sasa nataka kusema juu ya hasara iliyo kubwa kupita zote, nayo haitokei dukani bali hutokea uani kwa mtu. Katika Gusii mahindi ya mvua kubwa hupandwa kama Februari na Machi, na kufika Agosti yamekwisha komaa. Wakati huo kila nyumba inayo, na kitu kilichoko kwa kila mtu hakina bei. Lakini ndio wakati ambao karo ya muhula wa tatu inabisha hodi. Mchuuzi anakuja na lori lake, fedha taslimu mkononi, na mahindi yanaondoka.

Tuchukulie mfano. Mtu ameuza gunia moja kwa Sh3,000 katika mavuno. Ikifika Mei, ghala limebaki mavumbi, na nyumba hiyo hiyo inanunua mahindi kwa gorogoro, tuseme kwa Sh150 kila moja. Gorogoro arubaini ni Sh6,000. Gunia aliloliuza amelinunua tena kwa bei mara mbili, na yawezekana ni mahindi yale yale yaliyokwenda safari yakarudi. Nionavyo mimi, hakuna mkopo wenye riba kali kuliko huu, ingawa hakuna karatasi iliyotiwa sahihi.

Ataniuliza msomaji: je, karo ilipwe na nini? Swali lake ni la haki, na simwambii mtu asiuze. Namwambia ahesabu kabla ya kuuza. Nyumba ya watu sita inayotumia gorogoro nne kwa wiki itahitaji gorogoro 208 kwa mwaka, yaani magunia matano na gorogoro nane. Aliyevuna magunia saba anaweza kuuza moja na nusu akalala usingizi. Aliyevuna matatu hana la kuuza, na yafaa karo aitafute kwenye kuku, ndizi, maziwa au vibarua, na amwendee mwalimu mkuu mapema kuomba alipe kidogo kidogo. Kinyume cha hivyo ni kulipa karo Agosti na kumtoa mtoto shuleni Mei kwa njaa.

Na mwenye kuweka, aweke vizuri. Mahindi hutakiwa yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Nyumbani hakuna chombo cha kupimia unyevu, lakini kuna chumvi. Tia chumvi kavu pamoja na mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, utikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Chupa ikibaki safi, yatie ghalani. Siku hizi iko mifuko isiyopitisha hewa, ambayo dumuzi hukosa pumzi ndani yake akafa bila ya dawa.

Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe kwa kisingizio cha kubana matumizi. Mwaka 2004, sumu ya ukungu iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo. Rahisi huvunja upishi, na hapa ilivunja nyumba.

Wazee wa Kigusii waliyajua haya kwa njia yao. Kila mke katika mji wa mtu alikuwa na mashamba yake na ghala lake, na wimbi lilikuwa ndilo akiba ya siku ngumu, kwa kuwa ni nafaka inayokaa kwa miaka bila kuliwa na wadudu. Kisa cha Nabii Yusuf, ambacho Mwislamu na Mkristo wote wanakijua, si kisa cha ndoto tu. Ni kisa cha ghala na cha mtu aliyehesabu mapema.

BONASI NA DAFTARI LA MAMA

Mkulima wa chai hupata fedha zake kwa njia mbili. Kila mwezi hulipwa kwa kilo za majani alizopeleka, kisha mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu za viwanda kufungwa mwezi Juni, hulipwa malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Mtindo huu umekuwapo tangu siku za mamlaka ya chai iliyoundwa mwaka 1964, ambayo tangu mwaka 2000 ni shirika la wakulima wenyewe, KTDA. Bonasi huja karibu na Oktoba, na miji hubadilika sura. Makochi mapya hupangwa kando ya barabara, redio hupigwa kwa sauti, na wenye madeni huamka mapema kuliko wenye fedha.

Kuna malalamiko ya siku nyingi kwamba mama na watoto huchuma majani mwaka mzima, na bonasi ikiingia katika akaunti ya baba, baba haonekani kwa siku tatu. Sisemi kwamba wanaume wote ni hivyo. Nasema kwamba penye fedha nyingi za ghafla na pasipokuwa na daftari, ugomvi huwa ni mgeni asiyehitaji kualikwa.

Huko Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira umeupasua katikati, nilikaribishwa uji wa wimbi na mama mmoja ambaye majirani wake humsifu kwa kuwa hajapata kukopa unga. Nilimwuliza siri yake. Akaingia ndani akatoka na daftari la shule, lile la kawaida la watoto, limekunjamana pembeni kwa kushikwashikwa.

"Omogaka," akaniambia, akitumia neno ambalo Wagusii humwitia mwanamume mzima kwa heshima, "fedha zikifika kabla ya mpango, mpango hutungwa na jirani."

Daftari lile lilikuwa na mafungu matatu. La kwanza aliliita lisilongoja: karo, mbolea, dawa, chumvi na unga. La pili ni lingojalo: bati la jiko, blanketi, viatu vya Disemba. La tatu ni la kupenda, na hapo ndipo yalipokuwa soda, nguo ya sherehe na redio ya mumewe. Mafungu hayo huandikwa Septemba, kabla ya shilingi moja kufika, wakiwa wamekaa wote watatu: yeye, mumewe, na binti yao mkubwa ajuaye hesabu vizuri. Bonasi ikija, fungu la kwanza huchukua haki yake yote. La pili hupata kinachobaki. La tatu hupata masazo, na mwaka ambao bonasi ni ndogo, redio hungoja.

"Mzee hakasiriki?" nikauliza.

"Alikasirika mwaka wa kwanza," akajibu. "Mwaka wa pili akaniuliza daftari liko wapi."

Katika kurasa za nyuma alikuwa akiandika matumizi ya kila siku, hata ya shilingi kumi. Hapo ndipo panapotoka siri ambazo mtu hujificha mwenyewe. Mtu anayetumia shilingi hamsini kwa siku katika vitu asivyoweza kuvikumbuka jioni, mwisho wa mwaka ametumia Sh18,250. Fedha hizo hazikuibwa na mtu yeyote. Ni bandu bandu, nalo gogo limekwisha.

BEI YA KUTOKUWA NACHO

Ni rahisi kumwambia mtu anunue kwa jumla. Anayesema hivyo mara nyingi anacho. Asiyekuwa nacho hununua mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo, sabuni ya kipande na makaa ya mkebe, na kila kimoja humgharimu zaidi kuliko mwenye kununua galoni na gunia. Huu ndio ukweli mchungu wa madukani mwetu: maskini hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Kumlaumu kwa hilo ni dhulma.

Lakini iko njia, na watu wa Gusii hawakuianza leo. Zamani walikuwa na egesangio, yaani kikundi cha majirani waliosaidiana kulima kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako. Roho ile ile imo katika vyama vya akina mama vya siku hizi, ambavyo sisi pwani twaviita upatu. Mara nyingi upatu humpa mmoja fedha zote, naye akazitumia apendavyo. Vikundi vingine vimezidi hapo: hununua vitu badala ya kugawana fedha. Wanawake kumi wakichanga, hununua gunia la sukari la kilo 50 kwa bei ya jumla, kila mmoja akapata kilo tano, na faida ya mwenye duka wa rejareja imebaki nyumbani kwao. Vivyo hivyo kwa maharagwe ya mavuno na kwa galoni ya mafuta. Sharti ni daftari, na lisomwe mbele ya wote, maana chama kisichosoma hesabu huvunja na urafiki.

Jambo la kuogopwa ni mkopo mdogo. Simu imetusahilishia mengi tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na tangu mwaka 2019 kuna Fuliza, inayomlipia mtu hata pale salio lake linapokwisha. Kwa dharura, ni msaada. Lakini anayekopa kila siku ili anunue mboga, analipa ada juu ya sukuma wiki. Daftari la deni la dukani nalo ni kama hilo: mwenye kudaiwa hawezi kusema bei ni kubwa, wala hawezi kwenda duka la pili.

JIKONI NDIKO KWENYE BENKI

Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi, na kuni au makaa yakapona. Jiko lenye udongo wa kuchomwa kwa ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Na mboga za asili, chinsaga na rinagu, ambazo Wagusii huzipenda hata wakiwa Nairobi, huota kwenye kipande cha ardhi nyuma ya jiko au ndani ya gunia lililojazwa udongo. Chinsaga ina uchungu wake, lakini ikichemshwa taratibu na kutiwa maziwa hulainika, nayo ni mboga ya damu na ya nguvu. Nyumba yenye mboga mlangoni imefuta mstari mzima katika daftari.

Wala nisieleweke kwamba nasifu ubahili. Katika mafunzo tuliyolelewa nayo, israfu ni aibu na ubahili ni aibu, na njia iko katikati. Anayemnyima mtoto yai ili aweke shilingi, ameweka nini? Kadhalika daftari halipandishi bei ya majani chai, wala haliongezi ardhi. Wakulima wa Gusii wana haki ya kuendelea kuuliza kwa nini bonasi yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Lakini wakati swali hilo linangojewa jibu, sufuria iko motoni, na kilicho mikononi mwetu ni hesabu.

Wasomaji wa ukurasa huu hawatanisamehe nikiondoka bila ubeti. Haya basi, nimewatungia wenye daftari na wasiokuwa nalo:

Panga mapema akiba, siku njema ikianza,
Usingoje siku saba, ndipo uje kujifunza,
Ukikopa kwenye riba, ya kesho utayaponza,
Mwenye kuweka kibaba, pishi amekwisha anza.